Pikipiki Haitundikwi Ukutani

Jumatatu, 3 Juni

Baridi imefika. Asubuhi maji ya bomba la uani yalichoma kama sindano, na kioo cha dirisha la stoo kilikuwa na ukungu upande wa ndani. Kipupwe cha kweli, si kile cha kujifanya cha mwaka jana.

Mwanangu akachagua siku hii hii kuniharibia chai. Alivuta kiti, akasafisha koo, akasema amepata mtu wa kuichukua pikipiki yangu. Nikamwuliza mtu huyo huendesha kwenda wapi. Haendeshi! Ana mgahawa wa kahawa. Anataka kuitundika ukutani, juu ya vichwa vya wateja, ikiwa imepakwa rangi mpya na kuzungushiwa taa ndogondogo.

"Ni heshima, Mama," akasema. "Itaonwa na watu wengi."

Nikamwambia hata kichwa cha nyati huonwa na watu wengi kikiwa ukutani, na sijasikia nyati aliyeshukuru. Mkewe, mkwe wangu, alicheka, kisha akajifanya amepaliwa na chai.

Mwanangu hakucheka. Akaanza kuhesabu miaka yangu kwa vidole, kana kwamba siijui. Sabini na miwili. Akataja nyonga, macho, utelezi, malori. Akasema mtu wa mgahawa atakuja na pikapu Jumatatu, tarehe mosi Julai. Nikamwambia safari yetu ya mlimani, sisi waendesha pikipiki wa zamani, ni Jumamosi, tarehe 29 Juni, kama ilivyo kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Akasema, basi, safari hiyo iamue.

Tukapatana mbele ya mkwe, awe shahidi. Nikifika juu ya mlima na kurudi nyumbani kwa pikipiki yangu, bila kusukumwa wala kubebwa, mtu wa mgahawa atafute baiskeli aitundike. Nisipoweza, itaondoka, nami sitasema neno. Tulipeana mikono. Alinishika kwa nguvu mno, kama marehemu baba yake.

Nimeandika kwa hasira na mistari imepinda. Sitairudia.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimeipangusa yote, kuanzia taa ya mbele hadi bomba la moshi. Mnyororo nitautia grisi karibu na siku ya safari.

Miaka thelathini na mmoja nilikagua shule nikiwa juu ya kiti hiki. Shule za milimani ndizo nilizozipenda, na ndizo zilizonichukia zaidi. Nilitoka saa kumi na moja alfajiri. Magazeti manne kifuani chini ya koti, mawili ndani ya suruali, moja kwa kila goti. Hakuna sweta linalozuia upepo kama gazeti. Zipo hotuba za bajeti zilizokifaa kifua changu kuliko zilivyolifaa taifa. Vidole vikifa ganzi nilisimama, nikavua glavu, nikaweka viganja karibu na injini mpaka vikarudi kuwa vyangu.

Na harufu! Vijana wa siku hizi hawaijui. Injini hii hainywi petroli tupu. Hunywa petroli iliyochanganywa na oili, na moshi wake una utamu fulani, kama sukari iliyoanza kuungua sufuriani. Wakati wa joto harufu hiyo hupaa na kupotea. Wakati wa baridi haiendi popote. Hukaa kwenye kola, kwenye kitambaa cha shingo, kwenye nywele. Walimu wakuu waliinusa kabla ya kusikia mngurumo, kama upepo ulikuwa upande wao, wakaanza kukimbizana na maandalio ya masomo. Marehemu mume wangu alikuwa akinifungulia mlango jioni, anaingiza pua shingoni mwangu na kusema, "Karibu nyumbani, gereji yangu."

Leo nimefungua kopo la oili nikaliinamia. Hakuna kitu.

Niandike, kwa kuwa hapa hakuna wa kuniuliza. Tangu homa ile ya miaka miwili iliyopita sinusi chochote. Si sabuni, si moshi, si udongo uliolowa. Nilingoja wiki, nikangoja mwezi. Pua ipo, inashika miwani vizuri, basi. Sijamwambia mtu yeyote.

Sababu ni fedheha tupu. Maisha yangu yote sikupima mchanganyiko kwa chombo. Niliunusa. Nilijigamba mbele za watu kwamba pua yangu ndiyo kipimo, na kila aliyebisha nilimwaibisha. Sasa najifungia stoo, napima kwa chupa tupu ya dawa ya kikohozi: chupa mbili za oili kwa kila lita tano. Kama mwizi.

Jumamosi, 15 Juni

Nimetoka gereji kwa Fundi. Sijui kama bado ni gereji. Ameweka vigae vyeupe sakafuni! Mahali palipokuwa na ndoo za oili chafu pana pikipiki sita za umeme zimechomekwa ukutani kama simu. Kimya kama maktaba.

Tulianza safari hii tukiwa kumi na mmoja. Mwaka huu ni watatu. Bwana Mifugo amejitoa, nyonga yake imekataa. Nimebaki mimi, Fundi, na Posta, aliyesambaza barua milimani kwa miaka ishirini na mitano na hajavua kofia ya kazi hata kwenye mazishi.

Fundi akatangaza kwamba atapanda mlima na moja ya hizo za umeme. Posta alisimama.

"Hiyo ni feni," akasema. "Feni yenye kiti."

"Feni hii haikohoi kama wewe, mzee."

"Mimi nikikohoa, mke wangu anajua niko hai. Wewe utakufa juu ya hilo dude na hakuna atakayegundua mpaka betri iishe."

Wakanigeukia niamue. Nikasema sharti letu ni kufika juu kwa pikipiki yako mwenyewe, bila kusukumwa. Halisemi pikipiki hiyo inakula nini. Fundi akapiga makofi. Nikaongeza kwamba atakaa nyuma ya wote, kwa sababu sitaki kuuona ubao wa bei wa duka lake ukining'inia mbele yangu njia nzima.

Kisha likaja lile nililoliogopa. Desturi yetu ni kwamba kabla ya safari kila mtu huniletea mchanganyiko wake niunuse, nami ndiye hutoa ruhusa. Posta alikuja na kidumu chake, akakifungua chini ya pua yangu kwa adabu kabisa, kama mtoto anayekuja kusahihishiwa hesabu.

"Ninusie, Dada Mkaguzi."

Nikafumba macho. Nikavuta pumzi. Nikahesabu hadi tatu.

"Sawa," nikasema.

Uso wake ukang'aa. Huu ni mwaka wa pili namdanganya. Posta hupima vizuri siku zote, najua. Lakini sikumpa ruhusa kwa sababu hiyo. Nilimpa kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kusema sijui. Mwalimu angeniletea kazi ya namna hiyo, ningemwandikia taarifa ya kurasa tatu.

Hata hivyo — nitapanda.

Jumatano, 19 Juni

Maziwa yameungua. Nilikuwa mezani jikoni, hatua tatu kutoka kwenye jiko la gesi, nasoma gazeti. Mkwe aliingia akikimbia kutoka uani, amejifunika pua na kanga, akazima, akafungua madirisha yote mawili. Sufuria lilikuwa jeusi kama lami. Moshi ulikuwa nyuma yangu. Mimi nilikuwa nakamilisha safu ya barua za wasomaji.

Hakupiga kelele. Yeye ni muuguzi, hana kelele.

"Mama, fumba macho."

"Kwa nini?"

"Fumba tu, mama yangu."

Nikafumba. Nikasikia kisu, kisha kitu kikawekwa chini ya pua yangu.

"Hii ni nini?"

Nikafikiri haraka. Saa tatu asubuhi, jikoni, mtu anayependa kahawa. "Kahawa," nikasema kwa sauti ya mkaguzi.

"Fumbua macho."

Kitunguu. Kimekatwa katikati, kinatoa maji. Macho yangu yalikuwa tayari yanatoa machozi na mimi sikujua ni kwa sababu gani.

Akakaa. Akauliza tangu lini, nikamwambia. Yeye ni wa kwanza. Akasema kuna dawa za kujaribu, kuna mazoezi ya kunusa, asubuhi na jioni; lakini kwanza gesi ya jikoni, Mama, siku moja itavuja na wewe utawasha kiberiti. Nimekubali kutoliwasha jiko nikiwa peke yangu.

"Na mume wangu lazima ajue."

"Akijua, pikipiki itaondoka kesho asubuhi. Hatangoja safari."

"Pengine."

"Basi asijue mpaka nirudi."

Akaanza kusugua sufuria. Mwishowe akasema: "Nakupa mpaka jioni ya tarehe 29. Umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na nitaeleza na habari ya kitunguu."

Mwanamke mgumu. Ningempa shule aiongoze.

Jumapili, 23 Juni

Mvua. Sikutoka. Magoti yanauma. Hilo halimhusu mtu.

Ijumaa, 28 Juni

Kesho. Magazeti nimeyapanga juu ya kiti: manne na mawili. Glavu ziko karibu. Plagi mbili za kuwashia: moja kwenye injini, moja mfukoni. Asubuhi nimeutia mnyororo grisi, mikono yote imelowa mpaka viwikoni.

Nilipanga kuchanganya petroli jioni hii, mlango ukiwa umefungwa. Mkwe yuko zamu hospitali mpaka kesho saa mbili. Mwanangu nilidhani yuko kazini. Kumbe yuko stoo! Nimemkuta ameinama juu ya tangi, kidumu kitupu mkononi, shati la ofisini limekunjwa mikono.

"Nimekujazia, Mama. Lita kumi kamili."

Tangu mwanzo wa mwezi hajaitaja pikipiki ila kwa kununa. Akafungua kifuniko cha tangi, akasogea pembeni, akatabasamu. Tabasamu lile la zamani, la mtoto niliyempakata juu ya tangi hili hili nikimfundisha kunusa kabla hajajua kusoma.

"Nusa."

Niliinama. Nilijua analosubiri. Nilipaswa kumwuliza swali moja tu: umetia oili? Swali la maneno mawili. Lakini mama yake, mwenye ile pua, anauliza? Angeniuliza kwani huwezi kunusa, na pale pale mambo yangekwisha, usiku mmoja tu kabla ya safari.

"Uko sawa," nikasema.

"Kweli?"

"Uko sawa kabisa."

Akapumua kama mwanafunzi aliyefaulu. Akaniambia hatanifuata na gari, anajua nitachukia. Akaenda kuoga.

Nimebaki na tangi. Nimechovya kidole, nikakisugua. Kinateleza — lakini mikono yangu yote inateleza kwa grisi tangu asubuhi. Ninukuu hali ilivyo. Kama ametia oili, hakuna tatizo. Kama hakutia, petroli tupu itaiunguza injini kabla ya kona ya nne ya mlima, pistoni itang'ang'ania, na mtu wa mgahawa atapata pambo lake. Yeye hufahamu magari. Gari halichanganyiwi. Kwa nini afikiri kuchanganya?

Ningeweza kumwaga zote na kuanza upya. Lita kumi, uani, mbele ya dirisha lake la bafu. Nijieleze vipi?

Nikiongeza oili na tayari imo, itazidi. Itatoa moshi, pengine itachafua plagi. Lakini injini iliyozidiwa oili huchafuka tu. Iliyokosa hufa.

Jumamosi, 29 Juni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimemimina chupa nne za oili. Nimetikisa tangi. Basi. Mwanangu bado amelala. Pumzi yangu inaonekana. Magazeti yanalia kifuani nikiandika.

Saa nne na dakika ishirini. Kona ya tisa.

Naandika nimekaa juu ya jiwe. Kona za mlima ni kumi na mbili.

Iliwaka kwa kiki ya pili! Tulitoka watatu, mimi mbele, Posta, Fundi na feni yake. Barabara nyeupe kwa umande, ukungu umelala bondeni, jua halijaamua. Kwenye kona ya kwanza upepo uliingia chini ya kofia ngumu ukanishika masikio yote mawili, na nilicheka kwa sauti, mimi, peke yangu. Wanaosema baridi ni ya kujificha ndani wote wamekosea! Vidole vilikufa kwenye kona ya pili, vikafufuka kwenye ya tatu, vikafa tena. Nilikuwa na miaka arobaini.

Kona ya nne ilipita. Injini haikukwama. Nikajua angalau oili haijapungua.

Moshi, lakini. Nilipotazama kioo sikumwona Posta, niliona wingu. Kutoka ndani ya wingu sauti ilikuwa inapiga mayowe ya furaha.

"Dada! Hii ndiyo yenyewe! Hii ndiyo ya zamani! Nanusa gari la barua! Nanusa mwaka niliooa!"

Alikuja kando yangu, machozi yanamtoka, sijui ni ya moshi au ya nini. Alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Nilivuta na mimi. Nilivuta kwa nguvu zote. Baridi tu iliingia, safi, bila jina. Niliinua kidole gumba nikamwashiria kwamba ndiyo, ndiyo yenyewe.

Kwenye kona ya sita injini ikaanza kukohoa, ikazima. Nilitoa plagi, nikatia ya akiba, tukaendelea. Kwenye kona ya tisa ikazima tena. Nikaitoa nayo. Nyeusi, imelowa, inadondosha oili kiganjani mwangu. Oili nyingi. Oili mara mbili.

Fundi aliitazama akakuna kichwa.

"Imezidi sana. Ajabu, maana mwanao alipima vizuri. Alikuja kwangu juzi kuuliza, akanunua oili, nikamwona anamimina kwenye kidumu. Anafumba jicho moja kama mfamasia."

Basi alikuwa ameuliza. Alikuwa amepima. Nilipomwambia uko sawa, ulikuwa sawa.

Fundi akatazama tena, safari hii mimi, si plagi. Kisha akajishughulisha na kamba ya kofia yake. Mtu mwema, pamoja na vigae vyake.

Posta akanong'ona, "Dada, kona tatu tu. Nikusukume kidogo. Hakuna anayeona."

"Mimi naona."

Nikawaamuru wapande. Hawakutaka. Nikawaambia nimefunga shule kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Wakaenda. Sasa nasikia honi ya Posta huko juu, anapiga kila baada ya dakika kadhaa ili nijue bado wananingoja.

Kisha likatokea gari jeupe kutoka kwenye ukungu wa chini, polepole, taa zimewaka. Mwanangu, aliyesema hatanifuata! Ameegesha kwa mbali, akaja kwa miguu, viatu vya ofisini kwenye changarawe. Ana jaketi la kuazima. Nyuma ya gari ana kidumu cha petroli, nimekiona, petroli tupu, lita mbili zingetosha kupunguza mchanganyiko huu, plagi ikikaushwa niko juu ndani ya robo saa.

Hakusema habari ya mapatano. Aliinama akachukua plagi kiganjani mwangu, akaigeuza, akaitazama. Yeye si mjinga. Nilimsomesha mwenyewe.

"Uliongeza, Mama?"

"Niliongeza."

"Lakini ulinusa. Ulisema uko sawa."

Honi ikapigwa juu. Aliangalia tangi, akaniangalia mimi, akaangalia pua yangu, hasa pua, nami nikauona mwezi huu wote ukipita usoni mwake, na pengine ile miaka miwili, maana alitaja chakula kilichochacha nilichokula sikukuu moja bila kusema neno.

"Mama. Tangu lini?"

Ndipo nilipotoa daftari. Mkaguzi akiandika hasemeshwi. Alilijua hilo tangu ana miaka minne, na amesimama hapo, hatua mbili, ananingoja. Najua najificha. Acha nijifiche ukurasa mmoja.

Nitamjibu. Si jioni, sasa hivi, kabla ya mkwe na kitunguu chake. Nitamwambia ni miaka miwili, ni homa ile, sitanusa tena pengine mpaka kufa. Nitamwambia nimemdanganya Posta mara mbili na yeye mara moja. Nitamwambia jiko sitaliwasha peke yangu, na sitabishana. Na nitamwambia kwamba hakuna hata moja kati ya hayo lililokatazwa na mapatano yetu. Tulisema bila kusukumwa, bila kubebwa. Sijasukumwa. Sijabebwa. Hata saa sita haijafika, na kona ni tatu.

Nimeinua macho nikamwambia anipe plagi kwanza, nitajibu nikiifunga.

Hajanipa. Wala hajaitia mfukoni. Amechomoa ncha ya shati jeupe kutoka kwenye suruali, lile la kuvaa Jumatatu ofisini, na anaifuta plagi —